Mwizi wa Maji Katika Lupango

Juma hili hatutaongea juu ya karo wala juu ya malezi ya watoto, ingawa kabla hamjamaliza kusoma mtaona kwamba karo imo na malezi yamo. Twataka kuongea juu ya choo. Msicheke, wala wewe mwanafunzi usikunje gazeti ukidhani mwalimu amepungukiwa na habari. Kuna mambo madogo ya nyumbani ambayo watu wenye adabu hawayataji, na kwa kuwa hawayataji, huharibu fedha na urafiki pasipo mtu kuyaona.

Hapa Katuba watu wengi hukaa pamoja katika lupango mmoja. Mwenye lupango hukaa katika nyumba kubwa ya mbele, na wapangaji hukaa katika vyumba vya nyuma. Uani husimama robine moja ya wote, na karibu na ukuta ipo mita moja ihesabuyo maji ya wote. Mwisho wa mwezi hati ya malipo huja moja tu, nayo hugawanywa. Basi hapo ndipo maneno huanza.

Sisi tuandikao haya tu wapangaji katika lupango wa namna hiyo. Tu nyumba tano: mwenye lupango na jamaa yake, jumla watu saba, kisha wapangaji wanne. Mmoja wao ni mama mjane mwenye watoto watatu, naye hufua nguo za watu ili watoto wale na wasome. Kila siku ya kazi twamwona akichota bidoni nane, akizipanga chini ya mwembe, akianza kufua kabla jua halijawa kali.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, hati ya maji ilianza kupanda. Mwezi wa kwanza tulinung'unika. Mwezi wa pili tulipaza sauti. Mwezi wa tatu mwenye lupango alituita uani akauliza: "Ndugu zangu, ni nani achotaye maji kuliko wenzake?" Hakuna aliyejibu kwa kinywa, lakini macho yote yaligeuka upande mmoja. Bidoni nane za mama yule zilijulikana. Kila mtu alikuwa ameziona zikipita. Wakaamua kwamba tangu siku ile atoe mafungu mawili badala ya moja. Nasi, kwa kuwa tu walimu na twajua kuandika, tuliombwa tuandike mapatano yale kwenye karatasi. Tuliandika. Twakiri mbele yenu kwamba tuliandika kwa mwandiko mzuri, tukapiga mstari kwa rula.

Mama yule alisema neno moja tu: "Mwalimu, ikiwa ninyi mmeona hivyo, nitalipa." Akalipa mwezi ule, akalipa na mwezi uliofuata. Mwezi wa tatu wa mapatano yetu, binti yake mkubwa, ambaye ni mwanafunzi wetu, hakuonekana darasani siku tatu. Tulipomkuta uani anasugua shati la mtu, tulimwuliza habari. Alijibu kwa heshima, akiangalia chini: "Mama amesema nipumzike kwanza, Mwalimu, mpaka tumalize deni la maji."

Usiku ule hatukulala vizuri. Kila siku twawaambia watoto kwamba jibu lisilo na hesabu yake si jibu, hata likiwa sahihi. Nasi tulitoa jibu juu ya mama mjane bila kuandika hata tarakimu moja. Basi tukachukua kalamu.

Bidoni nane za lita 20 ni lita 160. Kwa siku 26 za kazi, zapata lita 4,160, yaani meta za ujazo nne na kitu kidogo. Tukaitafuta hati ya zamani, tukaiweka karibu na ile mpya. Ongezeko lilikuwa zaidi ya meta za ujazo nane kwa mwezi. Hata mama yule angalianza kazi yake siku ile hati ilipopanda, kufua kwake kusingetosha kulieleza. Tena hakuwa ameanza siku ile. Alikuwa akifua nguo za watu, kwa bidoni zile zile nane, tangu miaka miwili, wakati hati ilipokuwa ndogo na sisi sote tulipokuwa tukisalimiana kwa furaha. Kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kuwa sababu ya badiliko. Mtoto wa darasa la tano angaliliona jambo hilo, lakini sisi hatukuliona, kwa sababu bidoni zilikuwa mbele ya macho yetu, na mwizi wa kweli alikuwa amejificha.

Tulimwendea mwenye lupango, tukamwomba ruhusa ya kujaribu jambo. Katika lupango wetu maji huja usiku na kukoma kunapopambazuka. Tulikubaliana kwamba kila mtu achote maji yake kabla ya saa nne usiku, kisha robine zote zifungwe, asiguse mtu. Saa nne tulisoma mita kwa taa ya mkono, tukaandika tarakimu. Saa kumi na moja alfajiri tukaisoma tena. Watu wote walikuwa wamelala, lakini mita haikulala: lita 280 zilikuwa zimepita, na kile kigurudumu kidogo cha mita kilikuwa kingali kikizunguka mbele ya macho yetu.

Robine ya uani ilikuwa kavu. Kwa hiyo ulibaki mfereji mmoja tu, nao uliingia nyumba kubwa, kwenye choo cha mwenye lupango mwenyewe. Hatukumwambia neno. Tulimwomba buluu kidogo ya kufulia, tukaitia ndani ya tangi la choo, tukangoja nusu saa pasipo mtu kuvuta maji. Tulipofunua, maji ya bakuli chini yalikuwa ya buluu kama sketi za wanafunzi wetu. Mwenye lupango aliangalia, akanyamaza, akaangalia tena.

Lita 280 kwa usiku mmoja ni lita 8,400 kwa siku 30. Ni bidoni 420. Ni mara mbili ya maji yote ambayo mama mjane hufulia nguo mwezi mzima. Naye aliyatumia maji yake kwa kazi, bali haya hayakumnawisha mtu, hayakupika, hayakumwagilia hata mche mmoja wa mboga.

Labda msomaji atauliza: maji hupitaje pasipo kusikika? Choo cha kuvuta maji kina tangi, na ndani ya tangi mna vitu viwili vyenye kazi. Cha kwanza ni boya, ambalo hupanda pamoja na maji na kufunga koki ya kuingizia yafikapo juu. Cha pili ni kizibo cha mpira kilichokaa chini, ambacho huinuka tuvutapo na kurudi mahali pake. Mpira huo ukizeeka hukakamaa na kupasuka ukingoni. Hapo maji huteleza polepole ukutani mwa bakuli, pasipo kelele. Tangi lipungukiwapo, boya hushuka na kufungua koki. Tangi hujazwa tena, nayo hupungua tena, usiku kucha. Robine ikivuja uani, kila mtu huona tope na kukasirika. Choo kikivuja, tope halipo. Lipo karatasini, mwisho wa mwezi.

Fundi alikuja, akaondoa kizibo kile, akatia kipya. Kazi yake na kizibo chake viligharimu kidogo kuliko fungu moja la hati ile. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumekwisha kujenga ukuta, tena katikati ya majirani.

Sasa yafaa tutoke kidogo katika lupango wetu, tuone jinsi mataifa mengine yalivyolishughulikia jambo hili, maana si sisi tu tulioibiwa na choo.

Zamani vyoo vingi vya Marekani vilitumia lita 13 kila mtu alipovuta mara moja, na vingine hata lita 19. Mwaka 1980 mhandisi Bruce Thompson, wa kampuni ya Caroma huko Australia, alitengeneza choo chenye vitufe viwili: kimoja cha maji mengi, kingine cha maji machache, ili mtu achague kwa kadiri ya haja yake. Mwaka 1992 Marekani ilitunga sheria iliyoweka kipimo: tangu 1994 choo kipya cha nyumbani kisipite lita 6 kwa kuvuta mara moja, na kichwa cha bafu ya mvua kisimwage zaidi ya lita 9.5 kwa dakika. Mwaka 2006 serikali ile ilianzisha alama iitwayo WaterSense, ambayo hupewa vyoo visivyopita lita 4.8. Australia ilitunga sheria yake mwaka 2005: robine na choo huuzwa vikiwa na karatasi yenye nyota, na kadiri nyota zilivyo nyingi, ndivyo kifaa kinavyotumia maji machache. Singapore nayo ililazimisha alama za namna hiyo mwaka 2009.

Lakini kipimo cha maji peke yake hakitoshi, na hapa pana fundisho. Baadhi ya vyoo vya kwanza vilivyotii sheria ile ya Marekani vilitumia lita 6, lakini havikusafisha vema. Watu wakavuta mara mbili, na faida ikapotea. Basi mwaka 2003 wataalamu wa Kanada na Marekani walianza kuvipima vyoo kwa uji mzito wa soya, waone choo chaweza kuondoa gramu ngapi kwa kuvuta mara moja. Choo kitakacho alama ya WaterSense sharti kiondoe gramu 350. Kwa hiyo kipimo cha kweli huuliza maswali mawili: kifaa chatumia maji kiasi gani? Tena, je, chatimiza kazi yake? Mwenye kuuliza la kwanza tu hujidanganya.

Mtu aweza kusema: "Hao ni matajiri, wana maji ya kuchezea." Hapana. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mji wa Cape Town, katika Afrika Kusini, ulikaribia kuishiwa na maji baada ya ukame wa miaka mitatu. Tangu tarehe 1 Februari mwaka huo kila mtu, tajiri na maskini, aliagizwa asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku. Watu walisimama ndani ya beseni wakioga, kisha maji yale yale wakayamimina chooni. Wengine walijifunza siku ile kwamba kuvuta choo cha zamani mara nne tu kulitosha kumaliza fungu lao la kutwa.

Tazameni sasa jambo la ajabu. Aogaye kwa ndoo hapa Katuba hutumia lita 15, au 20 akijipendelea. Aogaye kwa bafu ya mvua yenye kipimo kile cha Marekani, kwa dakika tano, hutumia lita 47 na nusu. Maana yake ni kwamba mama abebaye bidoni kichwani amekwisha kutii sheria kali kuliko zote, tena pasipo kuandikiwa. Uzito wa maji shingoni ndio mwalimu wake. Achotaye kwa bidoni huhesabu. Afunguaye kwa kidole hahesabu. Nasi katika lupango wetu tulimtoza faini yule aliyehesabu.

Inafaa pia tukumbuke kwamba maji ya mfereji si mvua itokayo bure mbinguni. REGIDESO, shirika la maji la nchi yetu, liliundwa tarehe 30 Desemba 1939, na hapo mwanzo lilikuwa na kazi ya maji pamoja na umeme. Kazi ya shirika la maji popote duniani ni kuyavuta maji, kuyasafisha, kuyatia dawa na kuyasukuma mpaka mitaani. Kila lita ivujayo chooni imekwisha kula dawa na kula umeme. Tena usiku ule ule choo chetu kilipokuwa kikimwaga lita 40 kwa saa, huenda pana nyumba mwisho wa bomba, mahali ambapo nguvu ya maji imepungua, mama akingoja robine yake itoe hata kikombe. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 yasema katika kifungu cha 48 kwamba haki ya kupata maji safi yahakikishwa. Haki hiyo twaidai kwa serikali, na ni sawa tuidai. Lakini kizibo kilichopasuka katika nyumba yetu hakingoji serikali.

Pana neno jingine lituumizalo sisi wana wa Katanga. Robine nzuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba imo chini ya miguu yetu. Hata jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 hata 1997. Zinki imo Kipushi, karibu na mji wetu. Walakini tulipokwenda sokoni kununua robine mpya ya uani, tuliyopewa kwanza ilikuwa nyepesi kama kijiko cha bati. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha ikang'aa, wala haikuwa na alama yoyote. Nchi yetu inayo Ofisi ya Ukaguzi, OCC, iliyoundwa mwaka 1974 ili kukagua bidhaa ziingiazo na ziuzwazo. Twaomba vifaa vya maji vipewe jicho kali, sawa na chakula na dawa, maana robine mbovu ni deni liuzwalo kwa bei rahisi.

Mpaka hayo yatimie, haya ndiyo tuliyojifunza, nasi twawapa bure.

Kwanza, pimeni usiku. Fungeni robine zote, someni mita, laleni, someni tena kabla mtu hajachota. Tarakimu zikisogea, pana mwizi. Msimtafute kwanza miongoni mwa watu. Mtafuteni kwanza kwenye mabomba.

Pili, tieni buluu au rangi yoyote ya chakula ndani ya tangi la choo, ngojeni nusu saa. Rangi ikionekana chini, badilisheni kizibo.

Tatu, pimeni tangi lenu. La mwenye lupango lilikuwa la lita 10. Tulitia ndani chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji na kufungwa vizuri, tukaiweka mbali na boya. Watu saba wakivuta mara nne nne kwa siku, ni mara 28; maji yaliyookolewa ni lita 42, yaani bidoni mbili kila siku, kwa chupa iliyokuwa itupwe. Msitie tofali, kwa kuwa humomonyoka na chembe zake huharibu mpira. Wala msizidishe chupa mpaka choo kishindwe kazi yake. Kumbukeni habari za soya.

Nne, mnunuapo robine, ipimeni kwa mkono. Iliyo nzito kwa kawaida ina madini ya kutosha. Ifungeni na kuifungua mbele ya mwuzaji. Ulizeni kama mpira wake hupatikana peke yake, maana robine isiyo na kipuri hutupwa nzima kwa sababu ya kipande kidogo kama kifungo cha shati.

Tano, na hili ni kosa la wengi wetu: maji yakikatika mchana, msiiache robine wazi ili msikie yakirudi. Yatarudi nanyi mmelala, nayo hayatawaamsha.

Mwatuuliza bila shaka, mambo yaliishaje? Karatasi yetu ya mapatano tuliichana mbele ya watu wote, na ile mistari ya rula pamoja nayo. Jumapili baada ya Misa mwenye lupango alikwenda chumbani kwa mama mjane, akavua kofia mlangoni, akasema: "Mama, maji yalikuwa kwangu." Akamrudishia fungu la ziada la mwezi mmoja. La mwezi wa pili hakulirudisha, na mama hakuliomba. Sisi tulilitoa kwa mshahara wetu, kwa kuwa mkono ulioandika ulikuwa wetu. Yeye alilipokea, akatushukuru, lakini hajatuita tena kumsomea barua zake kama alivyokuwa akifanya zamani. Hilo nalo ni haki yake.

Binti alirudi darasani siku ya Jumanne. Tulikuwa tukifundisha hesabu za meta za ujazo. Tukauliza ni bidoni ngapi za lita 20 zajaza meta moja ya ujazo. Yeye aliinua mkono kabla ya wote, akajibu, "Hamsini, Mwalimu." Tukamwambia aandike ubaoni jinsi alivyopata. Akaandika hesabu yote, mstari kwa mstari, nasi tukasimama nyuma ya darasa tukiangalia jinsi jibu linavyopaswa kutolewa.

Ndugu msomaji, usiku wa leo, kabla ya kulala, nenda ukaangalie mita yako.